Mita kumi za mwisho ndizo zinazotuumiza: uzi wa wanaozamia kina kirefu

Mbizi Polepole

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, tafuteni pa kukaa. Nauandika kwa wenzangu wanaozamia na mitungi kupita mita 25, hasa waliopata cheti cha kina kirefu juzi juzi na sasa wanaiona mita 40 kama mlango ulioachwa wazi.

Miaka sita iliyopita nilizamia mara mbili kwa siku moja, mara ya kwanza mita 34, ya pili mita 28. Kompyuta ya kuzamia, ile ya kuvaa mkononi inayofuatilia kina na muda, haikulia hata mara moja. Nikapanda chomboni, nikavua mtungi, nikamsaidia mwenzangu kuvuta nanga. Baada ya kama saa moja bega la kushoto likaanza kuuma. Yalikuwa maumivu ya ndani kabisa, ukilibonyeza hayazidi, ukilikanda hayapungui. Nikasema ni ile nanga. Nikameza dawa ya maumivu, nikalala. Alfajiri nyayo zangu zilihisi kama zimevalishwa soksi nene, nami nilikuwa peku. Nikasimama chooni muda mrefu, mkojo hautoki.

Ulikuwa ugonjwa wa mgandamizo. Nilitibiwa siku nne mfululizo kwenye chemba ya mgandamizo, yaani chumba kinachofungwa na kujazwa hewa ya mgandamizo. Leo natembea, nazamia, namshukuru Mungu. Ila zile saa nilizolala na bega linaniuma huku nikijidanganya zilikuwa karibu kuniondolea miguu, na ndiyo maana siwezi kunyamaza nikiona mtu anapanda kutoka mita 35 kama anayekimbilia basi.

Twende kwenye kiini. Kila mita 10 unazoshuka baharini, mgandamizo unaongezeka kwa takriban bar 1. Juu ya maji una bar 1, mita 30 una bar 4. Regyuleta, kile kifaa cha mdomoni unachopumulia, inakupa hewa yenye mgandamizo uleule wa maji yanayokubana, la sivyo kifua kisingetanuka. Karibu asilimia 79 ya hewa hiyo ni naitrojeni, na mwili hauna kazi nayo. Oksijeni inatumika, naitrojeni inayeyuka kwenye damu, kisha inasambaa kwenye misuli, mafuta, maungio na uti wa mgongo. Ukikaa zaidi inaingia zaidi, ukienda chini zaidi inaingia upesi zaidi.

Ukipanda, inataka kutoka. Ukiipa muda, inarudi kwenye damu, inafika mapafuni, unaipumua. Usipoipa muda, inatoka pale pale ilipo ikiwa viputo. Kiputo ndani ya mshipa kinaziba damu, kwenye maungio kinaleta maumivu, kwenye uti wa mgongo kinakata mawasiliano ya miguu na kibofu.

Mfano wa chupa ya soda tumefundishwa sote. Kasoro yake ni moja: soda ina kizibo kimoja. Mwili una sehemu nyingi, kila moja inajaa na kumwaga gesi kwa kasi yake. Damu na ubongo ni haraka. Mafuta na maungio ni polepole mno. Kwa hiyo unaweza kuwa umeshapona upande mmoja huku upande mwingine bado umejaa.

Na sasa neno lililonifanya nianzishe uzi. Ukipanda kutoka mita 40 hadi 30, mgandamizo unashuka kutoka bar 5 hadi 4, umepungua kwa sehemu moja ya tano. Ukipanda kutoka mita 10 hadi juu, unashuka kutoka bar 2 hadi 1. Umekatika nusu. Kiputo cha mita 10 kinafika juu kikiwa maradufu. Mita zile zile kumi, madhara tofauti kabisa. Halafu hapo ndipo watu wanapolegea! Jua linaonekana, chombo kinaonekana, mtu anaanza kufikiria taulo.

Zamani kasi ya kupanda iliyofundishwa ilikuwa mita 18 kwa dakika. Siku hizi ni mita 9 kwa dakika, na kituo cha usalama, yaani kusimama dakika 3 hadi 5 ukiwa mita 5. Mimi nakaa 5, na baada ya hapo zile mita 5 zilizobaki nazipanda kwa dakika mbili nzima. Jaribuni mtaona ugumu wake. Mtungi wa alumini ukikaribia kuisha unataka kuelea, suti nayo inatanuka, hewa iliyobaki kwenye jaketi la kuelea inatanuka pia. Unatazama kipimo: 5.1, 4.7, 4.2. Usipotoa hewa hapo hapo, kufumba na kufumbua uko juu. Ndiyo maana uzito wa kiunoni uupime ukiwa na mtungi mtupu, usiupime ukiwa na mtungi uliojaa.

Karibuni kwa maswali.

Tumbawe

Pole sana mkuu, na asante kwa kuanika. Kilichonitisha ni hapo uliposema kompyuta haikulia. Mimi ile kitu naiamini kuliko macho yangu. Kama ilikuwa inasema sawa, kosa lilikuwa wapi?

Mbizi Polepole

Swali zuri Tumbawe, na jibu lake lina historia.

Kwanza ujue kompyuta haipimi naitrojeni ndani yako. Inajua kina, muda, na labda joto la maji. Yaliyobaki ni hesabu ya mwili wa kubuni.

Ugonjwa huu haukuwasumbua wapiga mbizi tu, uliwasumbua sana wajenzi. Karne ya 19 walikuwa wakichimba misingi ya madaraja ndani ya makasha makubwa yaliyojazwa hewa ya mgandamizo ili maji yasiingie. Wakitoka jioni, wanajikunja kwa maumivu, wengine wanapooza, wengine wanakufa. Washington Roebling, mhandisi mkuu wa Daraja la Brooklyn, aliugua mwaka 1872 na hakupata tena afya yake kamili. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert akaonyesha kwamba mhalifu ni viputo vya naitrojeni.

Halafu akaja John Scott Haldane, Mskoti, akifanya kazi kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza. Aliwaweka mbuzi kwenye chemba, akawapandisha mgandamizo, akawashusha kwa namna mbalimbali. Mbuzi akiumwa hakuambii, ila anainua mguu mmoja, hataki kuukanyagia. Kwa alama hiyo Haldane na wenzake wakatoa majedwali mwaka 1908: panda kwa vituo, usipande moja kwa moja. Aliugawa mwili katika sehemu tano za mahesabu, ya haraka zaidi ikijaa nusu kwa dakika 5, ya polepole zaidi kwa dakika 75. Baadaye Albert Bühlmann wa Zürich akafikisha sehemu 16, na kompyuta nyingi tunazovaa zinatembea kwa hesabu zake.

Kwa hiyo ule mstari wa kijani kwenye kioo cha kompyuta unasema: mwili wa kubuni, uliotulia, usio na baridi, usiobeba nanga, pengine uko salama. Wewe siye yule.

Siku yangu ilikuwaje? Nilitoka nyumbani bila kunywa maji ya kutosha. Kule mita 34 nilipambana na mkondo, misuli inafanya kazi, damu inakwenda mbio, naitrojeni inaingia kwa wingi. Kwenye kituo cha usalama nilikuwa natetemeka kwa baridi. Ukipata baridi mishipa ya mikono na miguu inabana, damu inapita kidogo, gesi inakwama kule kule ilikoingia. Mapumziko ya juu yalikuwa dakika 50 tu. Mara ya pili nikapanda na kushuka mara tatu kufuata kamera ya mwenzetu iliyodondoka. Kisha nanga. Kuvuta kitu kizito mara baada ya kutoka majini kunavisukuma viputo mahali ambapo havikupaswa kwenda.

Hakuna moja kati ya hayo lililoingia kwenye hesabu ya kompyuta. Siku hizi naiweka kwenye mpangilio wa tahadhari zaidi. Zile zinazotumia Bühlmann mara nyingi zina namba mbili, kwa mfano 40/85. Ya pili inasema utafika juu ukiwa umetumia asilimia ngapi ya nafasi iliyopo hadi kwenye kikomo cha gesi ambacho hesabu inaruhusu. Mimi nimeishusha hadi 70. Napoteza dakika chache kule chini, sijawahi kuzililia.

Mzee wa Mtungi

Vijana, mimi nimezamia miaka mingi kabla ya hizo kompyuta. Sisi tulipata mafunzo ya kusimama kwanza kwenye nusu ya kina. Ukitoka mita 50, simama 25, kiputo kikamatwe kikiwa bado kidogo. Mbona hilo hulisemi?

Mbizi Polepole

Shikamoo Mzee wa Mtungi. Sikulisema kwa sababu lina utata, ila umelileta vizuri.

Wazo lilikuwa na mantiki na wengi tulilifuata. Kisha jeshi la majini la Marekani wakalipima kwa watu, ripoti ikatoka 2011. Wapiga mbizi walishushwa hadi futi 170, yaani kama mita 52, wakakaa dakika 30. Kundi moja likapanda kwa vituo vilivyoanzia chini zaidi, jingine kwa vituo vya juu zaidi, na muda wa jumla wa kupanda ulikuwa sawa. Walioanza vituo chini waliugua mara 11 katika mizamio 198. Wa vituo vya juu waliugua mara 3 katika mizamio 192.

Sababu ndiyo ile ya sehemu za haraka na za polepole. Ukisimama mita 25, damu inamwaga gesi kweli, lakini mafuta na maungio bado yanajaza. Unafika juu ukiwa na mzigo mkubwa zaidi kwenye sehemu zinazochelewa kutoa. Kama una dakika za kutumia kwenye kupanda, zitumie juu.

Mzee wa Mtungi

Marahaba mwanangu. Hilo la majaribio sikuwa nalo. Basi miaka yote ile tuliponea kwa rehema.

Bi Nahodha

Nafundisha kuzamia, naomba nitie langu. Watu wengi hawavunji kituo kwa ukaidi. Wanavunja kwa kuwa gesi imekwisha. Kwa hiyo kinga ya ugonjwa huu inaanzia kwenye kalamu na karatasi kabla suti haijavaliwa.

Wanafunzi wangu nawakalisha tunapiga hesabu hii. Mko wawili mita 30, mtungi wa mwenzako umekata, mnapumua wote kwenye wako. Mmeshtuka, kwa hiyo kila mmoja tumhesabie lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji, jumla 40. Dakika moja ya kutulizana kule chini kwenye bar 4 inakula lita 160. Kupanda hadi mita 5 kwa mita 9 kwa dakika ni karibu dakika 3, wastani wa mgandamizo bar 2.75, lita 330. Kituo cha dakika 3 kwenye bar 1.5, lita 180. Jumla 670. Mtungi wako ni wa lita 12, gawanya: bar 56.

Maana yake sindano ikifika 60 uko mita 30, hauna tena hewa ya kutazama samaki. Hewa iliyobaki ni ya kuwapandisha watu wawili. Kila ninapofanya hesabu hii kuna mtu mmoja darasani anakaa kimya, kwa sababu anakumbuka siku aliyoanza kupanda akiwa na 40.

Na kama mpango wenu unavuka muda wa kutohitaji vituo, yaani mnaingia kwenye vituo vya lazima, basi mtungi mmoja mgongoni hautoshi. Hilo ni somo lenye mafunzo yake na vifaa vyake viwili viwili. Msilijaribu kwa kuangalia video.

Kasa

Mimi suluhisho langu ni nitroksi 32. Naitrojeni kidogo, nashuka hadi 40 bila wasiwasi wowote. Mnajichosha bure na hesabu.

Bi Nahodha

Kasa, nakuomba usizamie tena hivyo hadi uelewe hili. Naandika kwa uchungu kwa sababu nakuogopea.

Nitroksi 32 ina oksijeni asilimia 32. Mita 40 ni bar 5, kwa hiyo oksijeni unayovuta ina mgandamizo wa bar 1.6. Kikomo tunachofanyia kazi ni 1.4, sawa na kama mita 33 na ushei kwa mchanganyiko huo. Ukipita hapo oksijeni yenyewe inaweza kukushika kama kifafa, mara nyingi bila dalili ya kukuonya. Ukidegedeka juu ya kitanda utapona. Ukidegedeka mita 40, regyuleta inatoka mdomoni.

Faida ya nitroksi iko kwenye kina cha kati. Mita 30 ukiwa na 32, mwili unapokea naitrojeni kana kwamba uko kwenye mita 24 na hewa ya kawaida. Ukiiacha kompyuta kwenye mpangilio wa hewa huku unavuta nitroksi, ndani ya kina kinachoruhusiwa, umejinunulia usalama mkubwa. Ukiitumia kurefusha muda hadi mwisho wa kikomo, umerudi kule kule ulikotoka. Na kila mtungi uupime mwenyewe kwa kipimo cha oksijeni kabla ya kuufunga mgongoni, usikubali kuambiwa.

Kasa

Nimesoma mara mbili. Nilikuwa sijui hilo la degedege, wallahi. Asante Bi Nahodha.

Chumba cha Presha

Nafanya kazi kwenye chemba, huu ni mwaka wa tisa. Nitasema ninachokiona mlangoni.

Karibu kila anayeletwa ana maelezo yake. Nimelala vibaya. Nimebeba mitungi. Suti ilinibana. Kuna mmoja alikuja na ngozi ya tumbo imejichora mabaka ya zambarau na nyekundu kama marumaru, akisema ameungua na jua. Alikuwa ndani ya suti kutwa nzima! Mabaka yale ni dalili, na mara nyingi yanatangulia mambo mazito zaidi. Wengine dalili zinaanza wakiwa kwenye maji ya moto bafuni, kwa kuwa ngozi ikipata joto ghafla gesi iliyomo inatoka upesi. Subirini kabla ya kuoga maji ya moto.

Dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa chache baada ya kupanda. Maumivu ya bega au kiwiko, ganzi, uchovu usioelezeka, kizunguzungu, miguu kukosa nguvu, mkojo kukataa. Ukiona lolote baada ya kuzamia, lihesabu kuwa ugonjwa wa mgandamizo hadi daktari wa kuzamia aseme vingine. Mlaze chali, mpe oksijeni asilimia 100 kwa barakoa inayoziba vizuri, maji ya kunywa kama ana fahamu na hatapiki, piga simu. Oksijeni ikimtuliza maumivu msishangilie na kumpeleka nyumbani, mleteni tu. Na msimrudishe majini eti ashuke tena apone. Huko chini anaweza kupoteza fahamu, atapata baridi, na gesi itamwishia.

Kwetu tunamshusha hadi mgandamizo wa mita 18, anavuta oksijeni kwa vipindi, na jedwali linalotumika zaidi linachukua saa 4 na dakika 45. Anayekuja mapema mara nyingi anatoka akitembea vizuri.

Mawili ya haraka. Ndege: baada ya kuzamia mara moja bila vituo vya lazima, subiri angalau saa 12. Ukizamia mara kadhaa au siku kadhaa, saa 18. Kama kulikuwa na vituo vya lazima, zidisha, wengi tunasema 24. Mgandamizo ndani ya ndege ni kama wa kilele cha mlima, na kupanda mlima kwa gari siku hiyo hiyo ni suala lile lile. La pili ni moyo. Takriban mtu mmoja kati ya wanne ana kitundu kidogo kati ya vyumba vya juu vya moyo ambacho hakikuziba alipozaliwa. Kwa wengi hakina shida, lakini kinaweza kupitisha viputo bila kuchujwa na mapafu. Mtu akiugua mara ya pili bila kosa la wazi, tunamwambia akachunguzwe moyo.

Pumzi Moja

Naomba kuuliza. Sisi tunaozamia kwa pumzi tu bila mtungi tuko nje ya hii habari?

Chumba cha Presha

Mzamio mmoja mmoja, kwa kawaida ndiyo. Ila wazamia lulu wa visiwa vya Tuamotu kule Pasifiki walikuwa wakishuka kina kirefu mara nyingi kwa saa nyingi, mapumziko mafupi, na wakapatwa na ugonjwa wanaouita taravana: kizunguzungu, kupooza, hata kifo. Pumzika juu angalau mara mbili ya muda uliokaa chini, na ukienda kina kirefu pumzika zaidi ya hapo.

Samaki Mgeni

Jamani samahani, nimekuwa nasoma kimya kimya. Juzi nilizamia mita 31, nikapanda haraka kidogo kwa sababu miwani ilijaa maji. Tangu jana asubuhi vidole viwili vya mkono wa kulia vina ganzi. Nilidhani ni kamba ya kompyuta imenibana. Inaweza kuwa ni hii?

Mbizi Polepole

Samaki Mgeni, acha kuandika, piga simu kwenye chemba iliyo karibu nawe sasa hivi. Usiendeshe gari mwenyewe. Usimeze dawa ya maumivu. Siku mbili kupita si sababu ya kutokwenda, bado matibabu yanasaidia. Chukua kompyuta yako uende nayo, watataka kuona mzamio wote.

Chumba cha Presha

Nimekutumia ujumbe binafsi. Jibu hata kwa neno moja.

Samaki Mgeni

Nimejibu. Shemeji ananiendesha, tuko njiani.

Mbizi Polepole

Kuna mwenye habari zake? Saa tisa sasa.

Samaki Mgeni

Nimetoka chemba muda huu. Daktari alinifumba macho akanichoma choma na pini mkononi, kumbe ganzi ilikuwa imefika hadi karibu na kiwiko na sikuwa najua. Sasa imebaki kwenye kidole kidogo tu. Kesho saa mbili narudi tena.